Mnyoo wa Mchangani Asiye na Jina: Hadubini, Vinasaba vya Mnyoo Mmoja, au Vinasaba vya Mchanga Mzima?

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea chupa kumi na mbili za mchanga wa ufukweni, amezipanga kwenye kreti ya soda kama anayepeleka vinywaji harusini. "Shikamoo mwalimu. Nimeshauriwa nisome vinasaba vya minyoo ya humu, huenda nikapata spishi mpya." Nikafungua kizibo cha chupa ya kwanza, na harufu ikanijibu maswali yote. Formalini. Mchanga ulikuwa umekaa humo miezi minane.

Formalini huharibu vinasaba (DNA), na vile alivyokuja kuvitafuta vilianza kuharibika siku ile ile aliyosimama ufukweni na chupa mkononi. Chupa zake hazikuwa mbaya, maana kwa kazi ya hadubini zilikuwa safi kabisa. Ila yeye alidhani uamuzi wa njia unafanyika maabara, kumbe alishauamua bila kujua, maji yakiwa yamekupwa na jua likimchoma mgongo. Basi ulinganisho huu ni wa mtu ambaye bado hajamimina chochote kwenye chupa.

Tunamtafuta nani

Ni nematodi wa baharini, minyoo ya duara wanaoishi huru kati ya punje za mchanga na tope. Hawahusiani na tumbo la mtu yeyote, ingawa nikiwataja kwenye daladala abiria wa pembeni husogea kidogo. Wengi wana urefu wa nusu milimita hadi milimita tatu, na wembamba wao ni pungufu ya unywele. Mita moja ya mraba ya mashapo ya pwani inaweza kubeba zaidi ya milioni moja.

Nematodi wote waliokwisha kupewa majina, wa nchi kavu, wa baharini na vimelea, ni zaidi ya spishi 25,000. Wasio na majina wanakadiriwa kuwa wengi kupita hao kwa mbali. Kwetu kazi hii haijaanza jana. Mikoko ya Ghuba ya Gazi, Kenya, ilichunguzwa na matokeo yakachapishwa mwaka 1992. Emil Ólafsson akaandika juu ya nematodi wa mikoko ya Zanzibar mwaka 1995. Mkenya Agnes Muthumbi, akishirikiana na Wabelgiji wa Chuo Kikuu cha Ghent, alieleza spishi mpya za familia ya Comesomatidae kutoka kilindi cha Bahari ya Hindi mwaka 1997. Hata hivyo fukwe zilizochotwa mchanga ni chache mno ukilinganisha na urefu wa pwani yenyewe. Kwa hiyo kumpata mnyoo asiye na jina si kazi ngumu. Kazi ni kuthibitisha kwamba kweli hana.

Ninavyopima

Njia zote tatu nazipima kwa maswali yale yale. La kwanza, inadai nini ufukweni, yaani chupa gani na dawa gani. La pili, inadai nini mezani: muda, vifaa, fedha. La tatu, inakufikisha kwenye jina au inakuacha njiani? La nne, inadanganya wapi, kwa sababu kila moja ina uongo wake. La mwisho, inamfaa nani.

Swali la jina lina sheria. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo la nne lililoanza kutumika mwaka 2000, zinataka uandike maelezo yanayoitofautisha spishi yako na nyingine. Zinataka pia umtaje waziwazi mnyoo mmoja anayebeba jina, holotaipu, na useme atahifadhiwa kwenye mkusanyo gani. Ukichapisha kwa njia ya kielektroniki tu, tangu 2012 chapisho lako lazima lisajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Ukiliweka hili akilini mapema, mengi yanayofuata yatajieleza yenyewe.

Njia ya kwanza: hadubini na penseli

*Ufukweni.* Subiri bamvua, maji yakikupwa mbali. Chukua bomba la sindano lililokatwa ncha, au bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 3.6, ambalo hukupa karibu sentimita 10 za mraba, kipimo kinachotumiwa na wengi. Dawa ni formalini ya asilimia 4. Ukiweza kuipasha hadi nyuzi 60 hivi kabla ya kumimina, minyoo watakufa wamenyooka, na utajishukuru siku ya kuwapima. Tia boraksi, maana formalini ikikaa hugeuka tindikali. Chupa ikifungwa vizuri inakaa miaka.

*Mezani.* Hapa ndipo muda unapokwenda. Mchanga hupitishwa kwenye chujio mbili, ya juu ya milimita 1 na ya chini ya mikroni 38 au 45, kisha minyoo hutenganishwa na punje kwa Ludox, kimiminika kizito cha silika, yenye uzito-linganishi wa 1.18: punje zinazama, minyoo wanaelea. Mara yangu ya kwanza nilisahau kuusuuza mchanga kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ludox ikikutana na chumvi huganda. Nilibaki na bika la kitu kama uji wa muhogo, minyoo wote ndani, na nikawachomoa kwa siku tatu.

Baada ya hapo unamdokoa mnyoo mmoja mmoja kwa unywele wa kope uliogandishwa kwenye njiti. Sijaona kifaa cha dukani kinachoushinda unywele wa kope. Wengi hudokoa 100 hadi 200 kwa kila sampuli. Unawahamishia kwenye gliserini taratibu, kwa utaratibu wa Seinhorst wa mwaka 1959 ambao mpaka leo haujapata mrithi wa maana, kisha kwenye slaidi yenye pete ya nta ili kioo cha juu kisimbonyeze mnyoo.

Ndipo unaanza kusoma. Kichwani kuna amfidi, kiungo cha kunusa, ambacho kwa jamii moja ni duara, kwa nyingine ni mzunguko kama ganda la konokono, kwa nyingine ni mfuko. Kuna vinywele vya kichwa: vingapi, virefu kiasi gani, vimepangwa duru ngapi. Kinywa kina meno au hakina. Kwa dume unaangalia spikula, vile vijiti viwili vya kujamiiana, umbo na urefu wake. Halafu unapiga hesabu za de Man, Mholanzi aliyeacha uwiano tunaoutumia hadi leo. Mnyoo mwenye urefu wa mikroni 1,500, unene 30, koromeo 300 na mkia 150, anaandikwa a = 50, b = 5, c = 10. Tarakimu hizo tatu humwambia mtu wa Brazil au China kama mnyoo wako anafanana na wake.

Vifaa: hadubini yenye lenzi ya mafuta ya kukuza mara 100 na, Mungu akijalia, mfumo wa Nomarski, unaofanya mnyoo angavu aonekane wazi, na bomba la kuchorea. Hadubini ni ghali siku ya kuinunua. Baada ya hapo gharama kubwa ni macho na shingo yako.

*Jina.* Njia hii inafika mpaka mwisho. Maelezo, mchoro, vipimo, holotaipu kwenye slaidi, na jina limesimama. Sehemu kubwa ya nematodi wa baharini wenye majina leo walipewa kwa njia hii peke yake.

*Inapodanganya.* Sampuli imejaa watoto, na mtoto wa nematodi mara nyingi humfikishi mbali zaidi ya jenasi, yaani kundi la spishi za karibu. Unataka madume wakubwa, zaidi ya mmoja. Pia kuna spishi mapacha. Mfano unaotajwa sana ni *Litoditis marina*, mnyoo wa kwenye mwani unaooza. Sofie Derycke na wenzake wa Ghent walionyesha kuanzia 2005 kwamba ndani ya jina hilo moja mna makundi kadhaa yaliyoachana kabisa kwa vinasaba. Ila watu wa hadubini nao wana la kusema: kundi hilo hilo la watafiti lilipowapima minyoo kwa uangalifu mwaka 2008, tofauti za umbo zilijitokeza. Zilikuwepo siku zote. Ni kwamba hakuna aliyekuwa amepima vya kutosha.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, mwenye muda wa mwaka na zaidi, na mwenye mtu wa kumwuliza. Hilo la mwisho usilidharau. Vitabu vya ufunguo vya Platt na Warwick, vya 1983 na 1988, ni vizuri mno kwa kujifunzia majenasi, lakini vimeandikwa kwa spishi za Uingereza. Mtu akiulazimisha mnyoo wa Chwaka, Zanzibar, uingie kwenye jina la mnyoo wa Scotland kwa sababu ndilo lililo kitabuni, amemzika ndugu yake kwenye kaburi la jirani.

Njia ya pili: vinasaba vya mnyoo mmoja mmoja

*Ufukweni.* Formalini marufuku. Unatumia ethanoli au DESS, mchanganyiko wa dimethili salfoksidi, EDTA na chumvi iliyokolea mpaka haiyeyuki tena. Mimi ni mtu wa DESS na sifichi. Inahifadhi umbo na vinasaba kwa pamoja, inakaa nje ya friji, na haishiki moto, jambo ambalo utalithamini siku utakapotaka kusafirisha chupa kwa ndege. Ethanoli hukausha mnyoo akakunjamana kama pilipili ya juani. Ubaya wa DESS ni chumvi yake: usipoisuuza vizuri, fuwele zinaota kwenye slaidi.

*Mezani.* Kudokoa ni kule kule, hakuna njia ya mkato. Tofauti ni kwamba mnyoo unamweka kwanza kwenye slaidi ya muda, unampiga picha kichwa, katikati na mkia, ukiweza na video, kisha unamyeyusha kwa kimeng'enya cha Proteinase K upate vinasaba. Tatizo unaliona: mnyoo ameshakwenda. Wengine, mimi nikiwemo, humkata. Kichwa na mkia vinabaki kwenye slaidi, kiwiliwili kinakwenda kwenye PCR, mbinu ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi. Kumkata mnyoo wa milimita moja kwa wembe chini ya hadubini ni kazi ya kufanywa kabla ya kahawa, si baada.

Vipande vinavyosomwa sana ni jeni ya 18S, vipande vya 28S, na COI ya mitokondria. 18S inakubali kwa urahisi na ina kumbukumbu nyingi GenBank, hifadhi ya data ya mifuatano ya vinasaba, lakini hubadilika polepole, na spishi mbili tofauti zinaweza kulingana herufi kwa herufi. COI inatofautisha vizuri zaidi, ila praima zake, vipande vifupi vya kuanzishia PCR, hukataa kwa nematodi wengi. Panga bajeti ukijua kwamba sehemu ya minyoo wako haitatoa kitu. Kama chuo chako hakina mashine ya kusomea, sampuli inatumwa nje, na hapo karatasi zinaanza: kibali cha utafiti cha NACOSTI kwa Kenya au COSTECH kwa Tanzania, na makubaliano ya kusafirisha sampuli. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za vinasaba, inatumika tangu 2014, na majarida mengi sasa yanauliza kibali kabla ya kuuliza matokeo. Anza karatasi kabla ya kuanza mchanga.

*Jina.* Peke yake inafika karibu na mlango. Mfuatano wa vinasaba unaweza kuingizwa kwenye maelezo ya spishi kama sifa ya kutofautisha, na siku hizi unasifiwa ukiwa nao. Lakini spishi nyingi za zamani hazina mfuatano wowote wa kulinganisha. Ukisema mnyoo wako hafanani na yeyote aliye GenBank, mhakiki atakuuliza: na wale wasio GenBank? Jibu liko kwenye michoro ya miaka ya 1950, na kuisoma lazima urudi kwenye hadubini.

*Inapodanganya.* Uchafu wa maabara, wa kwanza. Nimewahi kupata mfuatano mzuri sana, mrefu, usio na doa, wa kuvu. Wa pili ni jina lililobandikwa vibaya: mtu aliyekosea kumtambua mnyoo wake akaweka mfuatano kwenye hifadhi ya data, nawe unalirithi kosa lake ukidhani ni ushahidi.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la spishi mapacha, mwenye kundi gumu lenye majenasi yasiyotofautishika kwa urahisi, au mwenye watoto na majike tu kwenye sampuli na anataka kujua kama ni wa dume yule aliyemchora. Kazi hii ya mwisho vinasaba huifanya vizuri kuliko jicho lolote.

Njia ya tatu: vinasaba vya mchanga mzima

Hii wenyewe huiita metabakodi. Huokoti mnyoo. Unachukua mchanga, au mchanganyiko wa viumbe uliowaelesha kwa Ludox, unatoa vinasaba vyote kwa pamoja, unasoma kipande kimoja, aghalabu cha 18S, mara maelfu kwa maelfu, kisha kompyuta inapanga mifuatano kwa makundi.

Ufukweni ni rahisi kuliko zote, ukiwa na barafu au DESS na glavu safi kwa kila chupa. Mezani kazi ya mikono ni wiki chache, halafu inaanza kazi ya kompyuta, na mtu asiyejua kuandika amri atakwama hapo kama mwenzake anavyokwama kwenye spikula. Gharama kwa sampuli moja hushuka kadiri sampuli zinavyoongezeka. Chupa tano hazina maana, chupa mia zina maana kubwa.

Jina? Hapana. Huna mnyoo, huna mchoro, huna holotaipu. Unachopata ni orodha yenye kundi namba 212 lililo karibu na jenasi ya *Daptonema*, na kundi namba 340 lisilo karibu na chochote. Hilo la pili ndilo linalosisimua, na ndilo lisiloweza kukuambia lina meno mangapi.

Uongo wake unahitaji kusemwa polepole, kwa kuwa matokeo huja na grafu za rangi na grafu zina ushawishi. Mnyoo mkubwa ana seli nyingi, na idadi ya nakala za 18S hutofautiana kati ya spishi na spishi, kwa hiyo wingi wa mifuatano si wingi wa minyoo. Ndani ya mnyoo mmoja nakala za 18S zinaweza kupishana kidogo, ukahesabu spishi mbili pale penye moja. Kwa upande mwingine spishi mbili zinazolingana 18S zinahesabiwa moja. Vinasaba vya waliokufa vinaweza kusomwa pamoja na vya walio hai. Anayetangaza "spishi mpya 80" kutokana na metabakodi pekee ana makundi 80 yasiyolingana na hifadhi ya data, na hifadhi yenyewe ina mashimo kama chandarua cha bweni.

Pamoja na hayo, kwa kazi yake ni njia nzuri na naipenda. Kwa kulinganisha fukwe ishirini, kufuatilia ufukwe kabla na baada ya ujenzi wa gati, au kujua ni wapi kuna makundi mageni mengi ili mtu wa hadubini aende huko kwanza, sioni nyingine itakayoifikia. Ni ramani ya mvuvi: inakuonyesha mwamba ulipo, na samaki utamvua mwenyewe.

Zikikutana

Njia hizi watu huzipanga kama timu pinzani, na nadhani ni kwa sababu waliosomea moja huona haya kuuliza ya pili. Maelezo mengi mazuri ya spishi mpya yanayotoka sasa yana michoro na vipimo vya madume kadhaa, pamoja na mfuatano wa 18S au 28S. Kinachowezesha hilo ni kugawa sampuli pale pale ufukweni: bomba moja la mchanga kwenye formalini, la pembeni yake kwenye DESS. Gharama ya ziada ni chupa moja na dakika tano.

Ukiwa katika hali hii

Una chupa za formalini za zamani, kama mwanafunzi wangu yule: usizitupe, na usipoteze fedha kuzipeleka PCR. Ni mali ya hadubini. Yeye alibadilisha mada, akajifunza kuchora, na kwenye chupa ya saba akapata madume manne ya mnyoo ambaye hadi leo hatujaona anafanana na nani. Itabidi arudi ufukweni ule ule na DESS.

Una miezi sita na ufadhili mdogo: hadubini, lakini jiwekee mpaka. Chagua familia moja, si ufukwe mzima. Mtu mmoja anaweza kuzifahamu Comesomatidae vizuri ndani ya miezi sita. Nematodi wote wa Gazi hatawafahamu.

Una maabara ya vinasaba jirani lakini huna mtu wa kusoma umbo kwa hadubini: soma mnyoo mmoja mmoja, hifadhi kichwa na mkia cha kila mmoja, piga picha mpaka uchoke, na tafuta mshirika mapema. Ukimtumia mtaalamu wa mbali mfuatano bila picha, atakujibu kwa adabu tu.

Unafanya tathmini ya mazingira na mteja anataka ripoti ya fukwe nyingi kwa haraka: metabakodi, na kwenye ripoti andika "makundi ya kinasaba", usiandike "spishi".

Una jina moja tu akilini na unataka kulichapisha: hadubini kwanza, vinasaba vya kuunga mkono, na kabla ya yote uliza makumbusho yaliyo karibu nawe kama yatampokea holotaipu. Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Nairobi ni mahali pa kuanzia. Kulinganisha na spishi za zamani mara nyingi kutakulazimu kuomba picha za slaidi zilizoko Ulaya, na majibu huchukua wiki, kwa hiyo barua hiyo iende mwanzo.

Na kama hujui utakuwa nani kati ya hawa, lakini bamvua ni keshokutwa: beba chupa mbili kwa kila kituo, moja formalini, moja DESS. Lebo iwe ya karatasi ngumu, iingie ndani ya chupa, iandikwe kwa penseli. Ethanoli na DESS hula wino wa kalamu, na nina chupa tatu kabatini zenye minyoo wazuri sana wasiojulikana walitoka ufukwe gani.